Kwenye theluji mwanga huongezwa, haupunguzwi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu mwandishi wa safu yenu ya kamera. Katika makala yake kuhusu kupiga picha kwenye theluji, amewaambia wasomaji kwamba theluji ina mwanga mkali mno, hivyo wabonyeze kile kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, washuke upande wa kutoa stopu moja au mbili (stopu ni hatua ya mwanga; kushuka moja ni kubaki na nusu yake), eti picha isiungue, yaani weupe usipoteze alama zake zote. Kwa heshima zote, ushauri huo umesimama kichwa chini miguu juu. Mwenye kamera inayojipimia mwanga yenyewe, na siku hizi ni karibu kila mtu, akiufuata atapata theluji ya kijivu kizito na watu wasiotambulika. Anatakiwa aongeze.

Kazi yangu ni kutayarisha picha za watu kabla hazijachapwa. Nazifungua kwenye kompyuta, nazipima, narekebisha rangi, ndipo zinakwenda mashineni. Picha za theluji huwa nazitambua zikiwa bado ndogo kwenye orodha ya mafaili, kwa ule ukijivu wake. Wenyewe hudhani kamera ni mbovu, au hukumbuka vibaya kwamba siku ile kulikuwa na mawingu.

Ninapoandika barua hii iko moja mbele yangu, na mwenyewe ameniruhusu niitolee mfano. Mama mmoja mwenye ngozi nyeusi tititi amevaa koti jekundu, amemshika mwanawe mkono, nyuma yao uwanja mweupe usio na kitu. Jua linawaka, vivuli vyao vimelala wazi chini. Nimeweka kishale juu ya theluji, kompyuta ikasoma 121. Nimekisogeza kwenye shavu la mama, ikasoma 24. Kwa asiyezizoea namba hizi, 0 ni weusi mtupu na 255 ni weupe mtupu. Theluji yenye jua iliyopigwa vizuri hukaa kwenye 230 hadi 245 hivi, ikabakiza nafasi kidogo ili mikunjo na chembe zake zionekane. Hiyo 121 ni kijivu cha katikati. Na kwenye 24, nyusi, jicho na shavu vimekuwa kitu kimoja. Koti ndilo linalonionyesha mtu amesimama wapi.

Namba ile 121 haikuja kwa bahati mbaya. Mita iliyo ndani ya kamera, yaani kipima mwanga chake, haijui theluji wala mama wala koti. Inachopokea ni mwanga unaorudi kutoka kwenye vitu, na watengenezaji wameiwekea dhana moja: kwamba ukichanganya kila kilichomo kwenye picha, kivuli na jua, nguo na ukuta, wastani wake utakuwa kijivu cha kati. Ni kijivu kile cha kadi ambazo wapiga picha hutembea nazo, zinazorudisha asilimia 18 ya mwanga unaoziangukia. Mita ni fundi cherehani anayemshonea kila mteja saizi ileile. Wengi nguo itawakaa, kwa hiyo ataendelea kusifiwa, mpaka aje mtu wa miraba minne.

Theluji mpya ndiyo huyo mtu. Inarudisha asilimia 80 hadi 90 ya mwanga. Ikijaa kwenye fremu, kamera inachojua ni kwamba kuna mwanga mwingi kuliko ilivyotarajia, basi inapunguza mpaka weupe ushuke kuwa kijivu, na kwa hesabu zake imemaliza kazi vizuri. Gawanya 90 kwa 18 upate 5. Kila stopu unayoongeza ni mwanga maradufu, kwa hiyo mara 5 ni stopu mbili na kidogo. Ndiyo sababu wanaopiga picha milimani huongeza kati ya moja na mbili. Mwandishi wenu anamwambia mtu ambaye kamera yake imeshapunguza mbili kimyakimya, apunguze mbili nyingine kwa mkono wake. Hizo ni nne, na stopu nne pungufu maana yake ni kubaki na sehemu moja tu kati ya 16 za mwanga uliohitajika.

Nadhani najua alikoutoa ushauri ule, na kwa hilo simlaumu sana. Enzi za filamu, maboksi mengi yalikuja na karatasi yenye jedwali la michoro: jua wazi, jua hafifu, mawingu, kivulini. Lilikuwa la watu wenye kamera zisizo na mita. Kanuni yake ilikuwa kwamba jua likiwaka, weka tundu la lenzi kwenye f/16 (namba ikipanda, tundu hupungua), na kasi ya shata, yaani muda wa kupitisha mwanga, ifanane na ISO, namba ya wepesi wa filamu kupokea mwanga. Kwa filamu ya ISO 100, shata iwe 1/125. Kisha kulikuwa na mstari wa theluji na mchanga mweupe, na mstari huo ulisema kweli kabisa: punguza stopu moja, nenda f/22. Ulikuwa sahihi kwa sababu mtu yule hajapima chochote. Anaanzia kwenye jua tupu, na theluji inamzidishia mwanga kwa kuurudisha kutoka chini na pembeni.

Mwenye mita anaanzia kwingine. Chukua mchana uleule, ISO 100, lenzi f/16. Kwa jua la kawaida jedwali linasema 1/125. Kwa theluji linasema f/22, na ukitaka kubaki kwenye f/16 hiyo ni sawa na 1/250. Sasa ielekeze kamera kwenye theluji tupu uiache ijipimie: itakupa 1/500, au hata fupi zaidi. Ongeza stopu moja juu ya hapo, umefika 1/250 ya jedwali. Ongeza mbili, uko 1/125. Kumbe kanuni hizi mbili hazigombani; moja inashuka kutoka kwenye jua, nyingine inapanda kutoka kwenye mita, zinakutana katikati. Mwandishi amechukua maelekezo ya wasio na mita akawapa wenye mita. Kwenye modi otomatiki, kile kitufe hubadilisha uamuzi wa mita, hakianzii kwenye jua.

Kuna wanaosema kamera za kisasa zina akili, zinagawa fremu vipande vingi na kulinganisha, hivyo maneno yangu ni ya kizee. Ni kweli zimeendelea. Nikon walitoa kamera ya kwanza ya kupima kwa vipande, FA, mwaka 1983, na simu za leo huunganisha picha kadhaa kuwa moja kabla hujashusha mkono. Lakini picha ya mama wa koti jekundu imepigwa kwa kamera ya aina hiyohiyo, na theluji imesoma 121. Hata ukigawa vipande elfu, kama vyote ni vyeupe, mashine bado inabidi ikisie kama imeelekezwa kwenye theluji ya juani au ukuta wa kijivu unaomulikwa na taa kali.

Basi aongeze kiasi gani? Watu hutaka namba moja, nayo haipo. Theluji mpya yenye jua ikijaa fremu nzima, stopu moja na theluthi mbili, au mbili. Nusu ya picha ikiwa misonobari au anga la buluu iliyokolea, kamera imeshapata cha kupimia, moja inatosha na pengine ni nyingi. Theluji kuukuu, iliyokanyagwa na kulowana, huweza kurudisha nusu tu ya mwanga. Ukiiongezea mbili utaifanya mpya kwa uongo. Siku ya mawingu wengi huacha kuongeza, kwa kuwa macho hayaumi. Ukali wa mwanga kamera inaumudu yenyewe. Inachoshindwa kujua ni kwamba kitu kilicho mbele yake ni cheupe, na cheupe hubaki cheupe mawinguni. Ongeza vilevile. Ila siku kama hiyo usitegemee kuona mikunjo ya theluji, maana mikunjo ni vivuli vidogovidogo, na mwanga wa mawingu hauna kivuli. Hakuna kitufe kitakachovileta. Subiri jua likiwa chini, likimulika kutoka ubavuni, ndipo utaona nyayo za ndege zimechorwa moja moja.

Mwenye kamera inayoweza kupima doa moja tu dogo la picha ana njia fupi. Alenge theluji yenye jua ambayo bado anataka ionekane mikunjo yake, aongeze kama mbili, afunge kipimo, ndipo apange picha. Mwenye simu aguse theluji kwenye kioo na kuendelea kushika mpaka kipimo kifungwe, kisha aburute alama ya jua kwenda juu hadi theluji iwe nyeupe, lakini asifike pale mikunjo inapoanza kuyeyuka.

Na kioo chenyewe wasikiamini. Katikati ya uwanja wa theluji mboni ya jicho imejikunja, hivyo picha nzuri huonekana giza kwenye skrini. Jioni chumbani picha yenye giza huonekana nzuri. Waangalie histogramu, ule mlima mdogo wa mchoro unaoonyesha giza kushoto na weupe kulia. Picha ya theluji mlima wake unatakiwa usogee kulia, ukaribie ukuta bila kuugusa. Ukisimama katikati, umepata kijivu. Ukibanana kwenye ukuta wa kulia, umeunguza, na weupe uliofika 255 kwenye faili la JPEG haurudi kwa dawa yoyote. Hapo namuunga mkono mwandishi wenu: kuungua ni jambo la kuogopwa. Amekosea dawa tu.

Sasa nije kwenye ugomvi wangu hasa. Makala nyingi za somo hili, na hiyo yenu ikiwemo, zimeandikwa kana kwamba theluji ndiyo mhusika na anayesimama mbele yake lazima awe mweupe. Kati ya theluji ya juani na ngozi nyeusi kuna stopu tatu hadi nne. Mpiga picha akiilinda theluji isipoteze hata chembe moja, uso unalipa deni. Kwangu mimi, mtu akiwa ndani ya picha, uso ndio unaotawala. Nani atachapa picha ya mama yake ili aone theluji ilivyotoka? Kipande cha theluji nyuma ya bega kikiungua kidogo hakuna atakayekitazama.

Njia ninayowapa wateja wangu ni kiganja. Viganja vya watu, weusi kwa weupe, havipishani sana kama nyuso zao zinavyopishana, na kiganja hurudisha mwanga takriban maradufu ya kadi ya kijivu. Kwa hiyo nyoosha kiganja chako kwenye mwanga uleule unaompiga unayempiga picha, kiganja kijae kwenye fremu, pima, ongeza stopu moja, funga kipimo hapo. Theluji iliyo nyuma haina tena usemi. Ngozi nyeusi itatoka nyeusi yenye uhai wake, mng'ao kwenye paji la uso na shavu, haitageuzwa kuwa kijivu wala shimo.

La pili ni mahali pa kumsimamisha. Watu hupenda kumwelekeza mtu kwenye jua. Kwenye theluji mgeuze, jua limpige kutoka nyuma au ubavuni. Theluji iliyo mbele yake inakuwa taa pana inayomulika kutoka chini, inajaza macho na kidevu, naye hakunji uso kwa jua. Mahali pengine ungehitaji mtu wa kukushikia kitambaa cheupe ili upate mwanga huo. Ukiweza, nyuma yake kuwe na miti badala ya uwanja mtupu. Stopu tatu za ugomvi zinakuwa moja.

Vivuli vya buluu nitavigusa haraka. Theluji iliyo kivulini humulikwa na anga peke yake, na anga ni buluu, kwa hiyo kamera inarekodi kilichopo. Mtu akiwa kivulini, geuza mpangilio wa rangi wa kamera kwenda alama ya kivuli ili ngozi isipoe. Kama ni mandhari tupu, mimi huacha buluu ibaki kidogo, inasema kuna baridi. Na theluji inapoanguka, zima flashi, isipokuwa unazitaka zile duara nyeupe kubwa mbele ya nyuso za watu.

Najua atatokea msomaji wa kusema kuongeza mwanga ni kudanganya, kwamba tuiache kamera iseme ukweli. Ukweli upi? Chembe moja ya theluji haina rangi, ni barafu angavu. Weupe unatokea mwanga unapogonga nyuso nyingi za chembe nyingi ukatawanyika kila upande. Wilson Bentley, mkulima wa Jericho katika jimbo la Vermont, Marekani, alianza mwaka 1885 kupiga picha za chembe moja moja kwa hadubini. Zikipotea kwenye mandhari nyeupe, alichukua kisu akakwangua negativu kuzunguka kila ncha, kwa mkono, ili pembeni patoke peusi na umbo lionekane. Wapo waliomlaumu kwa kukwangua. Hata hivyo ulimwengu ulijua maumbo ya theluji kupitia kisu kile. Anayebonyeza alama ya kujumlisha anarudisha weupe aliouona kwa macho yake.

Mwisho, Mhariri, jambo hili linaugusa ukurasa wako pia. Picha ya wanariadha wa kuteleza thelujini mliyoichapa pamoja na makala ile ilikuwa ya kijivu tangu ilipopigwa, lakini mashine iliiongezea ukijivu. Gazeti halina wino mweupe. Weupe wake ni karatasi yenyewe mahali ambapo nukta za wino hazikupita, na karatasi yenyewe haina weupe mwingi. Isitoshe inafyonza, nukta zinatanuka. Kijivu mlichokituma kama nukta zilizojaza nusu ya eneo hukaribia robo tatu kikifika mkononi mwa msomaji. Kwa hiyo theluji inayosoma 121 kwenye kompyuta ya dawati lenu, kama ile ya mama, hutoka nzito kuliko hapo, na uso unaosoma 24 unakuwa doa la wino. Mwambieni fundi wenu wa picha aipandishe theluji mpaka nukta zibaki chache sana, na nyuso azifungue kuliko anavyoona zinapendeza kwenye skrini. Ninayeandika nimewahi kugombana na mafundi wa mitambo juu ya jambo hilihili, nao wakichapa karatasi ya majaribio hawabishi tena.

Naomba pia mchape sahihisho, fupi tu: kwa kamera inayojipimia, theluji huongezewa mwanga stopu moja hadi mbili, kupunguza hadi f/22 ni kwa asiyetumia mita. Waliokwisha kupiga kwa ushauri wa awali wasizifute picha zao. Picha yenye giza huinuliwa kwenye kompyuta, hasa kama faili ni la RAW, lile la data ghafi ya kamera. Chenga zitajitokeza kwenye nyuso na rangi itachuja kiasi, lakini mtu atatambulika. Ya mama wa koti jekundu nimeshaifikisha theluji kwenye 236. Shavu bado nalishughulikia.

Wasalaam,
Msomaji wenu, fundi wa picha